Ukiumia kichinjioni: Haki zako, wajibu wa mwajiri na hatua za kufuata

Kabla nyama haijaning'inizwa buchani asubuhi, kuna watu waliokesha kazini ili ifike hapo. Wapo wanaoingiza ng'ombe, mbuzi na kondoo kichinjioni, wanaochinja, wanaochuna ngozi, wanaopasua na kutoa matumbo, wanaobeba vipande hadi kwenye gari la nyama, na wanaoosha sakafu zamu ikiisha. Wengi wao hulipwa kwa siku au kwa idadi ya mifugo waliyoshughulikia. Kisu kikiteleza, hasara si ya kidole peke yake. Kodi ya nyumba, karo ya watoto na chakula cha jioni hutegemea mkono uo huo.

Wafanyakazi wengi wa sekta hii hawajui kwamba sheria za Kenya zinawalinda, na waajiri wengine hudhani kumpeleka majeruhi hospitalini na kumlipa ya siku hiyo kunatosha. Makala haya yanaeleza hatari za kazi ya nyama, namna ya kuzipunguza, na hatua za kufuata ajali ikitokea ili haki isipotee.

HATARI ZILIVYO KAZINI

Jeraha la kawaida zaidi ni la kukatwa na kisu. Mara nyingi linaloumia si mkono ulioshika kisu bali ule mwingine, unaovuta ngozi au kushikilia nyama. Vidole, kiganja na sehemu ya ndani ya mkono chini ya kiwiko ndivyo viko hatarini zaidi. Mchunaji anayevuta kisu kuelekea mwilini mwake anaweza pia kujidunga tumboni au kwenye paja, ambako kuna mishipa mikubwa ya damu.

Sababu kubwa ya ajali hizi ni kisu butu. Kisu kisichokata humlazimu mtu kutumia nguvu nyingi, na nguvu hiyo ikikosa pa kwenda, kisu huruka. Sababu nyingine ni mpini unaoteleza kwa mafuta na damu, mwanga hafifu usiku wa manane, uchovu, na msongamano wa watu wanaochuna mnyama mmoja kila mtu na kisu chake. Malipo ya kuhesabu mifugo nayo huchangia, kwa sababu anayefanya haraka ndiye anayepata zaidi.

Baada ya visu zinakuja hatari zifuatazo:

Kuteleza na kuanguka. Sakafu yenye damu, mafuta na kinyesi ni kama iliyopakwa sabuni. Anayeanguka akiwa na kisu mkononi au mzigo begani huumia mara mbili.

Mnyama mwenyewe. Ng'ombe aliyeshtuka hupiga teke, hupiga pembe au humbana mtu ukutani. Hata mnyama aliyekwisha kuchinjwa hurusha miguu kwa muda, na teke hilo linaweza kuvunja mfupa au kumsukumia mtu kisu cha mwenzake.

Mizigo mizito. Nusu ya ng'ombe mkubwa inaweza kuzidi kilo 60. Anayebeba mizigo kama hiyo begani kila siku kwa miaka huumia mgongo, magoti na mabega. Jeraha hili haliji kwa ajali ya siku moja, ndiyo maana mara nyingi haliripotiwi.

Mashine. Msumeno wa mifupa na mashine ya kusaga nyama, ambazo sasa zipo hata katika mabucha ya mitaani, hukata vidole haraka kuliko mtu anavyoweza kuvuta mkono. Ajali nyingi za mashine ya kusaga hutokea mtu anaposukuma nyama kwa vidole badala ya kutumia kijiti chake, au anapoisafisha bila kuzima umeme. Mnyororo au winchi ya kuinulia mzoga ikikatika, aliye chini hana pa kukimbilia.

Maji ya moto. Visu husafishwa kwa maji ya nyuzi joto 82 za selsiasi ili kuua vijidudu. Maji hayo huunguza ngozi papo hapo.

Mashimo ya maji taka. Damu na kinyesi vikioza ndani ya shimo lililofunikwa hutoa gesi ya sumu inayoweza kumwangusha mtu kwa pumzi chache. Anayeingia kumwokoa mwenzake bila vifaa vya kupumulia huweza kufa naye. Mtu yeyote asiingie kwenye shimo la kichinjio kuzibua au kusafisha bila wataalamu wenye vifaa vya kupima hewa.

MAGONJWA YANAYOPITIA KWENYE JERAHA

Kidonda kidogo kichinjioni si kidogo. Damu na maji ya mwili wa mnyama mgonjwa yakigusa jeraha, macho au mdomo, yanaweza kumwambukiza mtu. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2017 walitembelea vichinjio 142 katika eneo la magharibi mwa Kenya na kuwahoji wafanyakazi 738. Walibaini kwamba majeraha yalikuwa ya kawaida, na kwamba vifaa vya kujikinga na mahali pa kunawia mikono vilikosekana katika sehemu nyingi. Katika uchunguzi wa ugonjwa wa leptospirosisi kwa wafanyakazi hao, kuwa na vidonda kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoambatana na maambukizi.

Magonjwa ambayo kila mfanyakazi wa nyama anapaswa kuyafahamu ni haya:

Bruselosisi. Huleta homa inayokuja na kuondoka, jasho usiku, uchovu, na maumivu ya viungo na mgongo. Mara nyingi hudhaniwa kuwa malaria au taifodi, na mgonjwa hutumia dawa kwa miezi bila nafuu. Ukiwa na homa isiyoisha, mwambie mhudumu wa afya kwamba unafanya kazi kichinjioni. Sentensi hiyo moja inaweza kubadilisha vipimo utakavyofanyiwa.

Kimeta. Huua mifugo ghafla, na damu inayotoka puani, mdomoni au nyuma ya mzoga haigandi. Kwa binadamu huanza kama kipele ambacho baadaye huwa kidonda chenye kovu jeusi katikati, mara nyingi bila maumivu. Mnyama aliyekufa kwa namna hiyo asipasuliwe, asichunwe na asiliwe. Ofisi ya mifugo iarifiwe mara moja.

Homa ya Bonde la Ufa. Ilitambuliwa nchini Kenya mwaka 1931 kwa kondoo wa eneo la Naivasha. Huzuka hasa baada ya mvua kubwa na mafuriko. Katika mlipuko wa 2006 na 2007, ulioanzia kaskazini mashariki mwa nchi, watu zaidi ya 100 walifariki. Huenezwa na mbu, lakini pia kwa kugusa damu na viungo vya mnyama aliyeambukizwa, hivyo wachinjaji huwa miongoni mwa wa kwanza kuupata.

Leptospirosisi na homa ya Q. Ya kwanza hupatikana kwenye mkojo na figo za mifugo na panya. Ya pili hupatikana zaidi kwenye kondo la nyuma na maji ya uzazi, na huweza kuvutwa pamoja na hewa. Zote huanza kama homa ya kawaida.

Kwa sababu hii, ukaguzi wa mnyama akiwa hai haumlindi mlaji wa nyama peke yake. Mkaguzi anapomzuia mnyama mgonjwa kuingia, anamlinda kwanza yule ambaye angemchinja. Anayechinjia kichakani au nyuma ya nyumba ili kukwepa ada ya ukaguzi huwaweka wafanyakazi wake hatarini kabla ya wateja wake.

SHERIA INASEMA NINI

Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanyakazi haki ya mazingira ya kazi yanayofaa. Juu ya msingi huo kuna sheria mbili za mwaka 2007 ambazo kila mwenye kichinjio, kiwanda cha nyama au bucha anapaswa kuzijua.

Ya kwanza ni Sheria ya Usalama na Afya Kazini, inayohusu kuzuia ajali. Inamtaka mwenye mahali pa kazi:

1. Kusajili mahali hapo kwa Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini.

2. Kutoa vifaa vya kujikinga vinavyofaa kwa wanaofanya kazi yenye majimaji au yenye madhara. Kwa kichinjio hivi ni pamoja na gambuti zisizoteleza, aproni, glavu na kinga ya macho pale inapohitajika. Mfanyakazi hakatwi mshahara kwa ajili ya vifaa hivi.

3. Kuweka kinga kwenye mashine zote zenye sehemu hatari, na kuhakikisha minyororo, kamba na winchi vinakaguliwa na mtu aliyeidhinishwa.

4. Kuwa na sanduku la huduma ya kwanza na mtu anayelisimamia, maji safi ya kunywa na mahali pa kunawia.

5. Kuunda kamati ya usalama na afya ikiwa wafanyakazi ni 20 au zaidi, yenye wawakilishi wa wafanyakazi.

6. Kufanyiwa ukaguzi kamili wa usalama angalau mara moja kila miezi 12.

Sheria hiyo inampa mfanyakazi sauti pia. Akiona hatari kubwa iliyo karibu kutokea, kwa mfano winchi iliyolegea, anapaswa kumwarifu msimamizi, na mwajiri haruhusiwi kumlazimisha kurudi hapo kabla ya kurekebishwa. Ni kosa kumfuta au kumwonea mfanyakazi kwa sababu tu amelalamika kuhusu usalama. Kwa upande wake, mfanyakazi naye anawajibika kuvaa vifaa alivyopewa na kutoharibu kinga za mashine. Anayeacha glavu kwenye kabati kwa kuwa zinamchelewesha anavunja sheria hiyo hiyo.

Sheria ya pili ni Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, ambayo wengi huiita WIBA. Hii inahusu fidia baada ya ajali. Inamtaka kila mwajiri awe na bima ya kuwafidia wafanyakazi wake. Jambo muhimu ni kwamba mfanyakazi hahitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alikosea. Inatosha kwamba aliumia kwa ajali iliyotokana na kazi na kutokea akiwa kazini. Fidia inaweza kukataliwa ikiwa aliumia kwa utovu wa nidhamu wa makusudi, lakini hata hapo, ajali ikisababisha ulemavu mkubwa au kifo, haki ya fidia hubaki.

Chini ya sheria hii, dai la kuumia kazini huanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, si mahakamani. Jambo hilo lilibishaniwa kwa miaka mingi hadi Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi Desemba 2019 na kuthibitisha utaratibu huo. Anayekimbilia kesi ya kudai fidia moja kwa moja mahakamani anaweza kupoteza muda na pesa.

KAUNTI AU SERIKALI YA KITAIFA?

Wakazi wengi huuliza ni ofisi gani hasa inayohusika. Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi hizi. Vichinjio vya kaunti, masoko ya mifugo na udhibiti wa magonjwa ya mifugo viko chini ya serikali ya kaunti. Viwango vya kazi viko chini ya serikali ya kitaifa.

Kwa hiyo malalamiko kuhusu usafi wa kichinjio au mnyama mgonjwa hupelekwa kwa ofisi ya mifugo au ya afya ya umma ya kaunti, kupitia wodi au kaunti ndogo. Ajali, kukosekana kwa vifaa vya kujikinga, mashine isiyo na kinga au fidia isiyolipwa hupelekwa kwa afisa wa usalama na afya kazini, ambaye ni wa serikali ya kitaifa. Ofisi ya leba iliyo karibu inaweza kumwelekeza mkazi.

Hata hivyo, mgawanyo huo hauiondolei kaunti jukumu lake. Pale ambapo kichinjio ni mali ya kaunti, kaunti ndiyo mwenye mahali pa kazi, na sheria ya usalama inaihusu kama inavyomhusu mfanyabiashara binafsi. Sakafu iliyovunjika, taa zilizozimika, mfereji ulioziba na bomba lisilo na maji ni mambo ambayo wafanyakazi na wafanyabiashara wana haki ya kuyaripoti na kutaka yarekebishwe.

KIBARUA NAYE ANA HAKI?

Hili ndilo swali gumu zaidi katika sekta hii. WIBA inamlinda mtu aliyeajiriwa kwa mkataba wa kazi kwa ujira, pamoja na mwanagenzi. Mkataba si lazima uwe wa maandishi. Makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba. Kwa hiyo kibarua anayelipwa jioni na mwenye kichinjio au mwenye bucha, anayefuata maagizo yake na kutumia vifaa vyake, hawezi kunyimwa fidia kwa sababu tu hana barua ya ajira. Isitoshe, Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua anayefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja au zaidi huhesabiwa kuwa na mkataba wa kulipwa kwa mwezi.

Ugumu huja katika vichinjio ambapo wafanyabiashara tofauti huleta mifugo, na kundi la wachunaji hulipwa na kila mwenye mnyama kwa zamu. Leo analipwa na huyu, kesho na yule. Akiumia, kila mmoja husema, "Huyo si wangu." Mwenye mahali bado anawajibika kwa usalama wa sakafu, mashine na mazingira, lakini kumpata wa kulipa fidia kunaweza kuwa na mvutano.

Njia ya kupunguza mvutano huo ni kujipanga kabla ya ajali. Wachunaji wanaweza kuunda kikundi kilichosajiliwa na kukubaliana na wafanyabiashara kwa maandishi nani ni mwajiri, au kila mnyama alipiwe kiasi kidogo cha kununulia bima ya ajali ya kikundi. Usimamizi wa kichinjio uwe na daftari la kila siku la majina ya wanaoingia kazini na wanayemfanyia kazi. Mfanyakazi naye ahifadhi ujumbe wa M-Pesa wa malipo yake. Ujumbe huo, daftari na ushahidi wa wenzake ndivyo vitakavyoonyesha kwamba alikuwa kazini siku hiyo.

Watoto walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi kabisa kufanya kazi za hatari kama hizi, hata wakati wa likizo na hata bucha likiwa la baba.

UKIUMIA, FANYA HIVI

Dakika za kwanza. Bana jeraha kwa kitambaa safi, ukandamize kwa nguvu na kuinua mkono juu ya kiwango cha moyo. Usiweke majani ya chai, mafuta ya taa wala udongo. Damu ikipungua, osha kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni. Kidole kikikatika, kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu, kiweke ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, kisha uweke mfuko huo kwenye maji yenye barafu. Kisiguse barafu moja kwa moja. Mpeleke majeruhi hospitalini pamoja nacho upesi. Damu ya mnyama ikiruka machoni, safisha kwa maji safi kwa dakika 15.

Hospitalini. Eleza wazi kwamba umeumia kazini na jinsi ilivyotokea, ili iandikwe hivyo. Ukiandikiwa kwamba ulijikata nyumbani, kurekebisha baadaye ni kazi kubwa. Uliza kuhusu chanjo ya pepopunda. Hifadhi kila karatasi na risiti. Kumsafirisha majeruhi na gharama za matibabu ya jeraha la kazini ni jukumu la mwajiri, na kuwa na kadi ya SHA hakumwondolei jukumu hilo.

Mwarifu mwajiri. Fanya hivyo mapema iwezekanavyo, kwa mdomo au kwa maandishi. Maandishi ni bora, hata yakiwa ujumbe mfupi wa simu, kwa kuwa hubaki. Ajali isiyoripotiwa kwa mwajiri ndani ya miezi 12 hupoteza haki ya mafao.

Mwajiri aripoti. Kisheria ana siku 7 za kuripoti ajali kwa Mkurugenzi tangu alipopata habari. Ajali ikisababisha kifo, afisa wa usalama na afya kazini wa eneo anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 24. Mwajiri akisitasita, mfanyakazi au jamaa yake aende mwenyewe kwa afisa huyo.

Fomu na daktari. Kuna fomu rasmi ya ajali inayojazwa na mwajiri na daktari. Daktari huandika aina ya jeraha na, baada ya kupona, kiwango cha ulemavu uliobaki kwa asilimia. Usikubali kupimwa kiwango hicho kabla jeraha halijatulia.

Dai la fidia. Liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali au ya kifo. Likishawasilishwa kwa kampuni ya bima, sheria inaipa siku 90 kulilipa.

Usiporidhika. Una siku 60 za kupinga uamuzi wa Mkurugenzi kwa kumwandikia. Usiporidhika na jibu lake, una siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

FIDIA HUKOKOTOLEWA VIPI

Kuna mafungu matatu. La kwanza ni la mtu aliyelazimika kukaa nje ya kazi kwa siku 3 au zaidi kisha akapona. Huyu ana haki ya malipo ya vipindi sawa na mapato yake akiwa hawezi kufanya kazi, kwa muda usiozidi miezi 12, kwa kuzingatia viwango vya chini na vya juu vilivyowekwa.

Fungu la pili ni la ulemavu wa kudumu. Hesabu yake huanza na mapato ya miezi 96, kisha huzidishwa kwa asilimia ya ulemavu. Tuchukue mfano wa mchunaji anayepata shilingi 18,000 kwa mwezi. Mapato ya miezi 96 ni shilingi 1,728,000. Daktari akipima ulemavu wa asilimia 10, fidia ni shilingi 172,800. Ukiwa wa asilimia 20, ni shilingi 345,600. Jedwali la sheria limeorodhesha viungo mbalimbali na asilimia zake. Kupoteza macho yote mawili, kwa mfano, ni asilimia 100.

Mfano huu unaonyesha kwa nini rekodi ya mapato ni muhimu. Mchunaji huyo akiandikiwa kwamba anapata shilingi 9,000, fidia yake hukatwa nusu. Unaonyesha pia kwa nini mtu asikimbilie kutia sahihi karatasi ya kusema ameridhika na shilingi elfu tano za "pole". Pole ni ubinadamu, lakini haichukui nafasi ya fidia.

Fungu la tatu ni la kifo. Wategemezi wa marehemu, kama mke au mume na watoto, ndio hulipwa, na mwajiri hugharamia mazishi kwa kiwango kilichowekwa. Familia ihifadhi cheti cha kifo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na ushahidi wa ndoa.

Mtu aliyepata ugonjwa kutokana na kazi, kama kimeta au bruselosisi, anaweza pia kudai. Inabidi daktari athibitishe ugonjwa na uhusiano wake na kazi. Ndiyo maana ni vyema matokeo ya vipimo yahifadhiwe tangu mwanzo.

MAMBO YANAYOPUNGUZA AJALI BILA GHARAMA KUBWA

Hatua nyingi za kuzuia ajali hazihitaji mitambo mipya. Visu vinolewe kabla ya zamu, na kila mtu abebe kisu chake ndani ya ala, si mkononi wala mfukoni. Mpini uwe na kizuizi cha kuzuia vidole kuteleza hadi kwenye makali. Mkono usioshika kisu uvae glavu ya nyuzi za chuma, hasa wakati wa kutoa mifupa. Wanaochuna mnyama mmoja wapeane nafasi. Anayepita nyuma ya mwenye kisu atamke kwanza.

Sakafu isafishwe wakati kazi inaendelea, si mwisho wa zamu peke yake. Mzigo unaomzidi mtu ubebwe na wawili au uvutwe kwenye reli. Mashine izimwe na kutolewa kwenye umeme kabla ya kusafishwa. Kidonda chochote, hata kidogo, kifunikwe kwa bandeji isiyopitisha maji kabla ya kurudi kazini. Chakula, sigara na miraa visiingie mahali pa kuchinjia, kwani mkono wenye damu unaofika mdomoni ni njia fupi ya maambukizi. Cheti cha afya cha wanaoshika chakula, kinachofanywa upya kila miezi 6, kitumike pia kama nafasi ya kumweleza mhudumu kuhusu homa au kidonda kisichopona.

Wateja nao wana nafasi yao. Anayenunua nyama yenye mhuri wa mkaguzi anasaidia vichinjio vinavyofuata sheria. Nyama ya bei ya chini isiyo na mhuri huenda ilichunwa gizani na kijana asiye na glavu, asiye na bima, na asiyejulikana jina lake na yeyote atakayeulizwa akiumia.

Mfanyakazi wa nyama anayesoma haya anaweza kuanza leo kwa mambo mawili: amuulize mwajiri kama bima ya WIBA ipo na ni ya kampuni gani, na ampe mtu wa nyumbani jina la anayemfanyia kazi pamoja na jina la kichinjio. Mwajiri naye ahakikishe bima hiyo haijaisha muda. Maswali kuhusu vichinjio vya kaunti yapelekwe kwa ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo, na yale ya ajali na fidia kwa afisa wa usalama na afya kazini. Huduma ya kuripoti ajali haihitaji wakala wala mtu wa kati.